Gari Likizama Kwenye Mafuriko, Usiguse Ufunguo

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya madereva, wamiliki wa magari, vijana wa tuktuk na bodaboda na mafundi mjini Garissa, kabla ya mvua za vuli.

 

Wazee wetu, mama zetu mnaomiliki tuktuk na probox, madereva wa malori ya mifugo na maboza ya maji, vijana wa bodaboda, na mafundi wetu wa jua kali: asanteni kwa kuitikia mwito. Najua dakika unayokaa hapa ni abiria anayepanda gari la mwenzako, kwa hivyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo.

Kazi yangu katika kaunti ni habari, si ufundi. Nitakayoyasema yametoka kwa mafundi na katika miongozo ya watengenezaji wa magari. Mafundi walio hapa wataongezea wakati wa maswali.

Kila mafuriko yanapokuja, sisi wa serikali hutangaza habari za nyumba, mifugo, mashamba na barabara. Gari hatulitaji sana. Lakini kwa familia nyingi za hapa, gari ndilo shamba. Probox inayokwenda Balambala ndiyo karo ya watoto. Tuktuk iliyonunuliwa kwa mkopo ndiyo unga wa jioni. Lori linalopeleka ng'ombe Nairobi au Mombasa limebeba mali ya watu kumi. Gari hilo likizama na kuharibika, hakuna anayekuja kuandika jina la mwenyewe kwenye orodha ya msaada. Kwa hivyo leo nataka tuzungumzie namna ya kuliokoa.

Na ujumbe wangu ukibaki mmoja tu kichwani mwako, uwe huu: mara nyingi si maji yanayoua gari. Linauawa na mwenyewe, anapogeuza ufunguo kuona kama bado linawaka.

Mto wetu haungoji wingu la hapa

Tukumbushane kidogo. Novemba 2023, wakati wa mvua za El Niño, Mto Tana ulivunja kingo, na barabara kuu ya kwenda Nairobi ikakatika pale Kona Punda, upande wa Madogo. Magari yalikwama ng'ambo hii na ng'ambo ile, watu wakavuka kwa boti. Kabla mwaka haujageuka vizuri, mvua za masika za 2024 zikaleta yale yale. Tarehe 9 Aprili 2024, basi lililokuwa na abiria 51 lilinaswa na maji eneo la Tula katika barabara hiyo hiyo ya Nairobi, na alhamdulillahi abiria wote waliokolewa. Mwishoni mwa mwezi huo huo, boti la abiria lilipinduka Kona Punda, na huko watu walipoteza maisha. Wazee wanakumbuka pia El Niño ya 1997 na 1998.

Nayataja haya kwa sababu moja. Mafuriko ya Garissa mara nyingi si mvua ya Garissa. Tana unaanzia nyanda za juu, Mlima Kenya na Aberdare, kisha unapita kwenye mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mabwawa hayo yakijaa na kumwaga, maji yanatufikia hata kama hapa jua linawaka na vumbi linaruka. Ukisikia redioni kwamba Masinga imejaa, hilo ni tangazo lako wewe uliyeegesha gari Ziwani au Bakuyu. Hamisha gari siku hiyo hiyo. Usingoje kuona maji kwenye lango.

Kuna aina ya pili ya mafuriko, nayo ni laga. Laga ya kwenda Modogashe au Dadaab asubuhi ni mchanga mkavu, na jioni ni mto wenye nguvu. Hapo dereva hujiambia, mwenzangu amepita, na mimi nitapita. Sikilizeni vipimo. Maji yanayokimbia, yakifika kina cha sentimita 30, ambacho hakifiki hata goti la mtu mzima, yanaweza kuinua gari dogo na kulisukuma. Yakifika sentimita 60, yanachukua magari mengi, hata yale makubwa ya kupanda milima. Gari zito halina miguu ya kushika ardhi. Lina magurudumu yaliyojaa hewa, na hewa huelea. Tena hujui kama barabara bado ipo chini ya maji au imeshakatika. Kusubiri masaa manne kando ya laga ni hasara ndogo. Hakuna mzigo wa miraa wala wa maziwa ya ngamia unaolingana na roho ya utingo wako.

Saa ya kwanza: mambo matatu ya kutofanya

Sasa tuseme yameshatokea. Gari lilikuwa limeegeshwa, maji yakaja usiku, asubuhi umelikuta limezama hadi kwenye viti. Au limezimika katikati ya laga, watu wametoka salama, na maji yamepungua. Ufanye nini?

Kwanza, usiwashe. Usigeuze ufunguo hata kidogo, hata kwa kusikiliza redio tu. Injini hufanya kazi kwa kubana hewa, na hewa inabanika. Maji hayabaniki. Kama maji yameingia ndani ya silinda na wewe ukawasha, pistoni inapanda kwa nguvu, inakutana na kitu kisichobanika, na kinachovunjika ni chuma. Kono la pistoni linapinda au kuvunjika, wakati mwingine linatoboa ukuta wa injini. Injini iliyoloa tu inaweza kupona kwa kumwagwa oili na kukaushwa. Injini iliyowashwa ikiwa na maji inaweza kuhitaji injini nyingine. Gari la dizeli liko katika hatari zaidi, kwa sababu linabana kwa nguvu kuliko la petroli.

Pili, usilivute huku magurudumu yakizunguka kabla hujajua maji yamefika wapi. Tumezoea kufunga kamba na kuvuta. Lakini ukivuta gari lenye gia za otomatiki, au la magurudumu manne, vyuma vya ndani vinazunguka ndani ya maji na matope badala ya oili. Na kulivuta gari la gia za mkono ili liwake kwa kusukumwa ni sawasawa na kugeuza ufunguo. Lisukumeni taratibu, likiwa huru, hadi mahali palipoinuka karibu. Kwenda mbali, lipandishwe juu ya lori.

Tatu, usivute breki ya mkono na kuliacha hapo siku tatu. Breki zilizoloa hushikana. Weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu.

Ukimaliza hayo, piga picha. Piga picha ya gari lote, nambari yake, na hasa mstari wa tope ulioachwa na maji mlangoni na ndani. Mstari huo ndio utakaomwambia fundi na kampuni ya bima maji yalifika wapi. Ukiuosha kabla ya kuupiga picha, umefuta ushahidi wako.

Kisha fungua boneti, ondoa waya wa betri. Anza na ule wa hasi, wenye alama ya kutoa. Kwa wenye magari mapya yanayotumia petroli na umeme pamoja: ukiona nyaya nene za rangi ya machungwa, usiziguse kabisa. Nyaya hizo zina umeme wa kuua. Mwite fundi anayeyajua magari hayo.

Na jihadharini na nafsi zenu. Maji ya mafuriko yamepita vyooni na kwenye majalala. Vaeni glavu na viatu, na muoshe mikono kwa sabuni. Kabla hujaingiza mkono chini ya kiti, pigapiga kwanza kwa fimbo. Nyoka na nge nao walikuwa wakitafuta mahali pakavu.

Mstari wa tope unasema nini

Sasa tuusome ule mstari.

Kama maji hayakufika kwenye sakafu ya gari, kazi yako ni magurudumu, breki na sehemu za chini. Hiyo ni kazi ya siku moja.

Kama yalifika kwenye sakafu hadi kwenye viti, hesabu kwamba gia, difu, breki, staata, kapeti na nyaya za chini zote zimeguswa. Gari nyingi za hivi karibuni zina nyaya na hata kompyuta ndogo chini ya kapeti au chini ya kiti. Gari hilo linaokoleka, lakini ni lazima lifunguliwe.

Kama yalifika kwenye dashibodi, maji yameingia kwenye fyuzi, saa, usukani na kompyuta ya injini. Hapo kaa chini na fundi, pigeni hesabu kabla ya kufungua hata skrubu moja. Pikapu ya zamani ya dizeli isiyo na kompyuta inaweza kurudi barabarani. Gari jipya lenye vifaa vingi vya umeme linaweza kugharimu matengenezo kuliko bei yake.

Injini, hatua kwa hatua

Anza na kichujio cha hewa. Kifungue. Kikiwa kikavu, una bahati, pengine maji hayakuingia kwenye silinda. Kikiwa kimeloa, chukulia kwamba yameingia.

Halafu vuta kijiti cha kupima oili. Oili ikiwa imepanda juu ya alama, au ina rangi ya chai ya maziwa, hiyo ni oili iliyochanganyika na maji. Angalia na ya gia vivyo hivyo.

Kwa injini ya petroli, fundi atoe plagi zote. Kwa dizeli, atoe plagi za kupasha moto au nozeli. Kisha injini izungushwe kwa mkono, kwa spana, taratibu. Maji yaliyomo yatarushwa kupitia kwenye matundu hayo. Usisimame mbele yake. Ikizunguka bila kukwama, hiyo ni habari njema. Inamiminwa oili kidogo kwenye kila silinda ili kutu isianze. Dizeli yenye turbo, yafunguliwe na mabomba ya hewa, maana maji hujificha humo na kungoja siku utakapowasha.

Mwaga oili yote, badilisha na filta. Tia oili mpya, na ile ya kwanza iwe ya bei nafuu tu. Injini ikiwashwa baada ya kazi zote kumalizika, iungurume dakika chache, izimwe, oili ikaguliwe. Ikiwa bado ina rangi ya chai, imwagwe tena. Watu hulalamika kwamba kumwaga oili mara mbili ni gharama. Ni gharama, lakini linganisha na bei ya injini.

Tangi la mafuta lisisahauliwe. Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, kwa hivyo yanakaa chini kabisa, pale pale ambapo pampu inavuta. Tangi limwagwe kutoka chini. Magari ya dizeli yana kichujio cha kutenganisha maji. Kimwagwe na kibadilishwe.

Sasa difu na gia, na hapa naomba wenye Land Cruiser na malori wanisikilize vizuri. Ukiwa umeendesha kutoka mbali, difu ni ya moto. Ukiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani inapoa na kunywea, na difu inavuta maji kupitia kwenye tundu dogo la kupumulia. Gari linatoka upande wa pili likiwa zima, dereva anajisifu, na mwezi mmoja baadaye difu inaanza kulia. Ukivuka laga yenye maji yanayofika kwenye difu, hata kama gari halikuzimika, kagua oili ya difu na ya gia wiki hiyo hiyo.

Tope letu na jua letu

Kuna jambo linalotutofautisha na wenzetu wa Nairobi. Huko shida ni kukausha. Hapa kwetu jua lipo la kutosha, na kwa sababu hiyo tunakosea: tunaliacha gari juani kwanza likauke, halafu ndipo tunaliosha. Tope la Tana likikauka kwenye jua la Garissa linakuwa kama saruji. Likigandia kwenye redieta, hewa haipiti, na gari linachemka kabla ya kufika Hola Road. Likigandia ndani ya dinamo na staata, linasaga vyuma kama msasa. Likigandia ndani ya ngoma za breki, breki haishiki, au inashika na haiachii.

Kwa hivyo utaratibu ni huu: osha tope likiwa bado bichi, kisha kausha. Kama fundi hawezi kufika siku hiyo, lowesha tope kwa maji safi lisikauke. Osha kwa mpira wa maji ya kawaida. Mashine ya maji ya nguvu inasukuma tope ndani zaidi, kwenye beringi na kwenye viungo vya nyaya. Redieta ioshwe kutoka upande wa injini kwenda nje, ili tope lirudi lilikotoka.

Magurudumu yote manne yatolewe. Ngoma zifunguliwe, zioshwe, zikaushwe. Beringi zioshwe na kutiwa grisi mpya. Maji ya breki yabadilishwe, kwa kuwa mafuta hayo hufyonza unyevu, na yakishafyonza, yanachemka ukishika breki mara nyingi, na kanyagio linazama hadi chini. Ndugu zangu, hili la breki halihusu mfuko wako tu. Lori lililookolewa nusu nusu, likabebeshwa ng'ombe, likapewa barabara ya Nairobi, linakwenda kuwatafuta watu wasio na habari yoyote.

Nyaya na ndani ya gari

Fundi wa waya afungue viungo vya nyaya kimoja kimoja. Kila kiungo kisafishwe kwa maji safi, kikaushwe, kipuliziwe dawa ya kusafishia viungo vya umeme. Kisanduku cha fyuzi vivyo hivyo. Staata na dinamo zifunguliwe ndani, kupangusa nje hakutoshi. Betri isirudishwe mpaka kila kitu kikauke. Ugonjwa wa nyaya huja polepole: gari linatembea vizuri wiki sita, halafu usiku mmoja taa zinazimika katikati ya njia ya Garsen.

Usukani na dashibodi zina mifuko ya hewa ya usalama. Nyaya zake mara nyingi ni za manjano. Asizicheze mtu asiyezijua. Mfuko huo unaweza kufyatuka usoni mwa fundi.

Viti na kapeti vitolewe vyote. Si kuinua pembe na kupangusa, vitolewe. Chini ya kapeti kuna sponji nene ambayo hunywa maji kama godoro, na haikauki ikiwa imefunikwa. Kuvu huanza kuota ndani ya siku moja au mbili. Gari likifungwa milango juani linakuwa kama chungu cha kupikia kuvu hiyo. Osheni viti kwa sabuni, viwekeni juani, na acheni milango yote wazi. Ni hapo, baada ya tope kutoka, ndipo jua la Garissa linakuwa rafiki. Sponji iliyonywa maji ya vyoo ni afadhali itupwe. Watoto wetu ndio wanaokaa juu yake kwenda shule.

Tuktuk na bodaboda

Vijana wangu, kwenu mambo ni yale yale lakini rahisi zaidi. Usipige kiki. Usisukume iwake. Fungua plagi, geuza gurudumu la nyuma kwa mkono ikiwa kwenye gia ya juu, maji yatoke. Mwaga oili, tia mpya, kisha rudia. Fungua karbureta na chini ya tangi, mwaga maji. Ekzosi nayo imejaa maji, iinamishe yamwagike. Mnyororo uoshwe na kutiwa mafuta siku hiyo hiyo. Kwa tuktuk, osheni ndani ya ngoma za breki. Kazi hii mkiifanya siku ya kwanza ni ya nusu siku. Mkiingoja wiki, mtanunua beringi, mnyororo na plagi, na pengine pistoni.

Habari ya chumvi

Mtaniuliza, bahari na Garissa wapi na wapi? Kaunti yetu haina pwani. Lakini wenzetu wa Ijara, Masalani na Hulugho wamepakana na Lamu. Malori yetu yanafika gatini Mokowe na bandarini Mombasa. Na magari mengi tunayonunua yamekwisha kuvuka bahari kabla hatujayaona.

Maji ya chumvi ni adui wa aina nyingine. Maji ya mto yakishatoka, yanaacha tope, na tope unaliona. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Yakikauka, chumvi inabaki ndani ya viungo vya nyaya na kwenye maungio ya bodi, nayo huvuta unyevu wa hewa kila usiku na kula chuma kila siku. Tena maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji matamu, kwa hivyo kifaa kilichozama kikiwa na betri huliwa haraka.

Gari lililoguswa na maji ya bahari lioshwe kwa maji matamu, mengi, siku hiyo hiyo, juu, chini na ndani ya matundu ya chesisi, na lirudiwe tena na tena. Kama liliwahi kuzama lote baharini, ushauri wa mafundi wengi ni mmoja: uza vipuri vinavyofaa, usilirudishe barabarani.

Na hapa kuna jambo la kwetu kabisa. Visima vingi vya Kaskazini Mashariki vina maji ya chumvi. Wenzetu wa Wajir wanalijua hilo tangu zamani, na hata kwetu yapo maboma ambayo maji yake hata chai yanaiharibu. Ukichukua gari lililotoka kwenye tope la Tana ukaliosha nyaya na breki kwa maji ya kisima hicho, umeondoa tope na kuacha chumvi. Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe matamu, hata kama itabidi ununue mitungi michache. Uionje kwa ulimi, huhitaji maabara.

Bima na kuuza

Bima ya mtu wa tatu, ambayo sheria inamlazimu kila mwenye gari kuwa nayo, inamlipa mtu mwingine uliyemuumiza au kumharibia mali. Gari lako likichukuliwa na mto, bima hiyo haikulipi kitu. Wale wenye bima kamili, someni karatasi zenu sasa, kabla ya mvua, muulize wakala kwa maneno ya wazi: mafuriko yamo au hayamo? Na gari likizama, mpigieni simu kampuni kabla ya kuanza matengenezo.

Mwisho ni biashara. Baada ya kila mafuriko magari yaliyozama huoshwa, hupulizwa marashi, na kuuzwa. Mnunuzi huwa ni mtu wa mbali, pengine mama mjane aliyeuza ngamia wawili. Waislamu tunaijua habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni, akaingiza mkono kwenye rundo la nafaka na kukuta ndani limeloa mvua. Alimuuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka iliyoloa juu watu waione. Gari lililoloa halina tofauti na nafaka hiyo. Uza, lakini sema, na bei iwe ya gari lililozama.

Nawe mnunuzi, tumia mikono yako. Inua kapeti pembeni. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Tope hubaki pale mwanzoni ambapo mwoshaji hafiki. Tazama kama kuna ukungu ndani ya taa za mbele. Chungulia mahali pa gurudumu la akiba. Kagua kutu kwenye skrubu za viti. Na ukikuta gari kuukuu linanukia marashi makali, jiulize yanaficha nini.

Kabla ya mvua

Mabwana na mabibi, mvua za vuli, zile tunazoziita Deyr, ziko njiani. Naomba kila mmoja akitoka hapa afanye mambo manne. Achague leo mahali palipoinuka atakapopeleka gari maji yakija. Aweke hati zake mahali pakavu, nje ya gari. Asikilize matangazo ya mabwawa na ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Na awafundishe dereva na utingo wake lile neno moja: gari likizama, ufunguo unatolewa na kutiwa mfukoni mwa mwenyewe mpaka fundi aseme.

Mkiona mtu au gari limenaswa, pigeni 1199 ya Msalaba Mwekundu bila malipo, au 999 ya polisi. Msiingie majini kuokoa gari. Chuma kinatafutwa tena, mtu hapatikani.

Sasa mafundi waje mbele. Najua wapo wenye maswali, na wapo mafundi wenye majibu kuliko yangu.